Gauni Lililowagombanisha Watu

Sogeeni karibu, wajukuu zangu. Mwenye simu aiweke chini kwanza, tutaihitaji baadaye. Hadithi ya leo haina sungura wala fisi. Ina gauni.

Palikuwa na harusi katika kisiwa kidogo cha Colonsay, huko Uskoti. Mama wa bibi harusi aliingia dukani kutafuta vazi la siku hiyo, akaliona gauni, akalipiga picha kwa simu na kumtumia binti yake. Binti akamwonyesha mchumba wake. Mmoja akasema gauni ni jeupe lenye mistari ya dhahabu. Mwenzake akasema la, ni la bluu lenye mistari myeusi. Wakawauliza marafiki, na marafiki nao wakabishana vilevile. Hata wanamuziki waliokuja kutumbuiza harusini hawakukubaliana. Mwishowe, tarehe 26 Februari 2015, mmoja wa wanamuziki hao akaiweka picha kwenye intaneti akiomba watu wamsaidie kuamua.

Lo! Ugomvi wa kisiwani ukawa ugomvi wa dunia. Mamilioni ya watu waliitazama picha ile. Ndugu wa tumbo moja, wakiwa mbele ya simu moja, kila mmoja alidhani mwenzake anamfanyia mzaha. Baadaye watafiti wa Marekani waliwauliza watu 1,401 wanaona nini. Asilimia 57 walijibu bluu na nyeusi, asilimia 30 nyeupe na dhahabu, na asilimia 11 bluu na kahawia. Waliobaki walikuwa na majibu yao wenyewe.

Nataka mlishike jambo moja kabla hatujaenda mbali: hakuna aliyekuwa akisema uongo. Macho yao yalikuwa mazima, na kila mmoja aliona kweli kile alichosema anakiona. Imekuwaje basi?

Chukueni shati jeupe la shule. Saa sita mchana uwanjani ni jeupe. Ukikaa nalo chini ya mwembe, nuru inayolifikia imepita kwenye majani na imebeba ukijani, nawe bado unaliona jeupe. Usiku, karibu na kibatari, nuru ni ya manjano iliyokolea, na shati linabaki jeupe machoni pako. Nuru inayotoka kwenye shati na kuingia jichoni ni tofauti kabisa mara zote tatu. Ubongo ndio unaofanya kazi hapo. Unafanya kama muuza mchele sokoni, ambaye hupima mchele ukiwa ndani ya beseni, kisha hutoa uzito wa beseni na kukutajia uzito wa mchele peke yake. Beseni hapa ni nuru ya mahali ulipo. Ubongo hukisia nuru hiyo ni ya rangi gani, huitoa, na kinachobaki ndicho unachokiita rangi ya shati. Yote hayo hutendeka kabla hujawaza lolote.

Jambo hili watu wamelijua tangu zamani. Mwaka 1789, huko Paris, mwanahisabati Gaspard Monge aliwaonyesha wanachuoni wenzake karatasi nyekundu na kuwataka waitazame kupitia kioo chekundu. Ungetarajia wekundu uzidi. Kumbe karatasi ilionekana karibu nyeupe! Kila kitu kilikuwa chekundu, kwa hiyo ubongo ulichukulia kwamba wekundu ni wa nuru, ukauondoa.

Sasa tuje kwenye kamera. Nyuma ya jicho lako kuna utando uitwao retina, wenye seli za aina tatu za kutambua rangi: moja hupokea zaidi mawimbi marefu ya nuru, nyingine ya kati, nyingine mafupi. Kamera ya simu nayo imejengwa kwa rangi tatu. Ndani yake kuna kibamba chenye mamilioni ya vituo vidogo vya kupokea nuru, na juu ya kila kituo kuna kichujio cha rangi moja tu: nyekundu, kijani au bluu. Mpangilio unaotumika zaidi ulibuniwa na Bryce Bayer wa kampuni ya Kodak, aliyepewa hataza yake mwaka 1976. Nusu ya vituo ni vya kijani, robo nyekundu, robo bluu. Kwa kuwa kila kituo hupima rangi moja tu, zile mbili nyingine kamera hukokotoa kwa kutazama majirani zake. Fikirini maana yake: theluthi mbili ya namba za rangi katika picha yako hazikupimwa. Zimekisiwa kwa hesabu. Jambo hili hunishangaza kila ninapolifikiria.

Kisha kila nukta ya picha, yaani pikseli, huandikwa kwa namba tatu, kila namba kuanzia 0 hadi 255. Hapo hupatikana rangi 16,777,216. Haya, sasa chukueni simu. Fungueni picha ya embe bivu, dondosheni tone dogo sana la maji kwenye kioo, halafu chungulieni ndani ya tone. Mtaona vitaa vyekundu, vya kijani na vya bluu. Cha manjano hakipo hata kimoja! Embe lako limetengenezwa kwa nyekundu na kijani vinavyowaka pamoja. Futeni maji upesi.

Kamera pia inalo beseni lake la kutoa. Hukisia nuru ya mahali na kusahihisha rangi ili kilicho cheupe kitoke cheupe. Ikikisia vibaya, mnatoka na nyuso za kijani chini ya mwembe, au za chungwa mbele ya taa. Na hilo ndilo lililolipata lile gauni. Picha ilipokea nuru kupita kiasi, nyuma yake kulikuwa na mwanga mkali, na fremu imekaza mno kwenye gauni hata huwezi kujua limesimama kwenye kivuli cha mchana au chini ya taa za duka. Ukichukua pikseli zake ukazitazama peke yake, sehemu moja ni bluu iliyopauka na nyingine ni kahawia kama tope. Hakuna nyeupe safi wala nyeusi tii.

Basi ubongo wa mtu mmoja ukakisia: hiki ni kivuli cha mchana chenye ubluu. Ukatoa bluu, zikabaki nyeupe na dhahabu. Ubongo wa mwingine ukakisia: hii ni taa ya manjano. Ukatoa manjano, zikabaki bluu na nyeusi. Mtafiti Pascal Wallisch aliwauliza watu zaidi ya 13,000, akakuta kwamba wanaoamka mapema, waliozoea nuru ya mchana, walielekea zaidi kidogo kuona nyeupe na dhahabu kuliko wanaokesha usiku. Waliolitengeneza gauni walithibitisha kuwa ni la bluu na nyeusi.

Mwaka 2017, profesa Akiyoshi Kitaoka wa Japani alitengeneza picha ya stroberi iliyofunikwa na rangi ya bluu-kijani. Matunda yale yanaonekana mekundu, ilhali hakuna pikseli nyekundu humo. Ni kijivu na bluu-kijani. Itafuteni. Toboeni tundu dogo kwenye karatasi, mliweke juu ya stroberi moja ili vingine vyote vifichike, na wekundu utatoweka palepale. Ondoeni karatasi, wekundu unarudi, hata kama sasa mnajua siri yake. Kujua hakuzuii ubongo kufanya kazi yake.

Kuna jambo la mwisho linalonigusa moyoni. Nawasikia mkitaniana: "Umetoka mweusi tii, hata huonekani!" Mara nyingi mtu huyo alisimamishwa mbele ya ukuta mweupe au dirisha lenye jua. Kamera hutafuta wastani wa mwanga wa picha nzima. Ikikutana na ukuta mkali, hupunguza nuru, na uso wenye ngozi nyeusi ndio unaozama gizani. Zamani hali ilikuwa mbaya zaidi: kwa miaka mingi maabara za kusafisha filamu zilirekebisha rangi kwa kutumia kadi ya picha ya mwanamke Mzungu, na ngozi zetu zikabebeshwa makosa ya kipimo cha mtu mwingine.

Kwa hiyo mnapopiga picha ya mwenzenu, mgeuzeni uso uelekee dirisha, guseni uso wake kwenye kioo cha simu ili kamera ipimie hapo, ndipo mpige. Na picha ikimtoa mtu vibaya, msimcheke. Ulizeni nuru ilitoka upande gani.