Kiswahili cha Bonde la Ruzizi na Mashine Zinazosikiliza: Mafunzo Kutoka Mutarule

1.0 Utangulizi

Madhumuni ya makala haya ni kueleza suala moja ambalo limezusha mjadala kati ya wanaisimu na mafundi wa kompyuta katika miaka ya 2020, nalo ni hili: je, mashine zinazofundishwa kusikia na kutafsiri Kiswahili zitamwelewa pia msemaji wa Kiswahili cha mashariki ya Kongo? Kwa msomaji aliye mbali, suala hili laweza kuonekana kuwa la kitaalamu tu. Kwa mkazi wa bonde la Ruzizi, kaskazini ya mji wa Uvira, si hivyo. Huko simu ya mkononi si chombo cha biashara na salamu peke yake, bali ndiyo njia ya kwanza ya kuomba msaada usiku unapoharibika.

Ili suala hili lifahamike vizuri, yafaa kukumbuka kwamba ombi la msaada linalopigwa kwa simu hupitia hatua tatu. Kwanza, sharti lifike. Yaani pawe na mtandao, umeme wa kuchajia betri na salio la kupigia. Pili, sharti lieleweke. Tatu, sharti liitikiwe, yaani mtu aliyelisikia achukue hatua. Mijadala ya teknolojia ya lugha hushughulikia hatua ya pili. Makala haya yanadai kwamba hatua hiyo ni ya lazima, na kwamba idara za Kiswahili zina kazi kubwa ndani yake. Lakini pia kwamba haiwezi kamwe kushika nafasi ya hatua ya tatu. Historia ya Mutarule inathibitisha jambo hilo.

2.0 Usiku wa tarehe 6 Juni 2014

Mutarule ni kijiji cha bonde la Ruzizi, katika wilaya ya Uvira, si mbali na Luberizi na Sange. Jioni ya tarehe 6 Juni 2014, watu wenye silaha walikishambulia. Kwa mujibu wa taarifa iliyotolewa na shirika la Human Rights Watch mwezi Julai wa mwaka huohuo, watu wasiopungua 30 waliuawa, baadhi yao wakiwa katika ibada. Taarifa hiyo ilieleza kwamba askari wa kulinda amani wa Umoja wa Mataifa walikuwa umbali wa kilomita 9 hivi, kwamba wao na jeshi la taifa walikuwa wamepata habari ya shambulio, na kwamba hawakufika kulizuia.

Kabla ya hapo, ujumbe wa Umoja wa Mataifa nchini Kongo, MONUSCO, ulikuwa umekwisha kujenga mitandao ya tahadhari katika vijiji. Tangu mwaka 2010 uliajiri wasaidizi wa Kikongo wa kuunganisha kambi zake na raia, na wawakilishi wa vijiji walipewa simu ili wapige hatari inapokaribia. Mpango huo ulikuwa na busara. Hata hivyo, usiku ule wa Mutarule habari ilifika na ilieleweka. Kilichokosekana ni itikio. Mwisho wa mwezi Juni 2024 MONUSCO ilimaliza kuondoka katika jimbo la Kivu ya Kusini, na kwa hiyo kambi ambazo simu hizo zilikuwa zikipigiwa hazipo tena mikononi mwake. Swali la nani anayesikia, na kwa lugha gani, limerudi upya.

3.0 Jinsi mashine inavyofundishwa kusikia

Katika miaka ya karibuni mashirika ya misaada na makampuni ya kompyuta yamekuwa yakitafuta njia ya kuzifanya mashine zipokee ujumbe wa sauti, ziuandike, na kuutafsiri kwa Kifaransa au Kiingereza kwa muda mfupi. Teknolojia hiyo huitwa akili mnemba au akili bandia.

Utendaji wake waweza kuelezwa hivi. Sauti hukatwa vipande vifupi sana, kwa kawaida vya milisekunde 25 hivi, na kila kipande hugeuzwa kuwa tarakimu zinazoonyesha nguvu ya mawimbi yake. Kisha programu hukisia ni herufi au silabi zipi zinazolingana na tarakimu hizo. Hapa ndipo penye kiini cha mambo: programu haisikii kwa masikio peke yake, bali hukisia pia kwa mazoea. Kati ya maneno mawili yanayokaribiana kwa sauti, huchagua lile ililolikuta mara nyingi zaidi katika mafunzo yake. Kwa hiyo uwezo wake hutegemea wingi na aina ya mifano iliyopewa.

Mifano ya Kiswahili ilikuwa michache kwa muda mrefu. Mwaka 2022 kampuni ya OpenAI ilipotoa programu yake ya Whisper, iliyofundishwa kwa saa 680,000 za sauti, zaidi ya saa 400,000 zilikuwa za Kiingereza, ilhali sauti za Kiswahili zilizoambatana na maandishi yake hazikufika saa 10. Mradi wa Common Voice wa taasisi ya Mozilla, ambao tangu mwaka 2021 ulipata fedha za kukusanya Kiswahili, umeongeza mamia ya saa zilizosomwa na watu wa kujitolea. Hata hivyo, sehemu kubwa ya mifano inayotumiwa na mashine hizi hutoka katika magazeti, vitabu, na masomo ya Biblia yaliyorekodiwa. Yaani hutoka katika Kiswahili Sanifu kinachosomwa kwa utulivu, si katika Kiswahili kinachosemwa na mtu mwenye hofu gizani.

4.0 Kiswahili gani?

Ni dhahiri kuwa Kiswahili cha bonde la Ruzizi kinatofautiana na Kiswahili Sanifu. Tofauti hizo zina chanzo cha kihistoria. Kiunguja kilipochaguliwa kuwa msingi wa usanifishaji mwaka 1928, na Kamati ya Lugha ilipoundwa mwaka 1930, nchi zilizohusika zilikuwa Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, zote zikiwa chini ya utawala wa Waingereza. Kongo ya Wabelgiji haikuwamo. Kiswahili chake kilikua kwa njia yake, kikipokea sauti na sarufi za lugha za wenyeji pamoja na maneno ya Kifaransa.

Chukua sentensi ifuatayo, ambayo msemaji wa Uvira au Bukavu angeielewa bila shida: "Batu bamesha fika mu soko, masasi iko nalia." Katika Kiswahili Sanifu ingekuwa: "Watu wamekwisha kufika sokoni, risasi zinalia." Sentensi hiyo fupi ina mambo manne. Kiambishi cha wingi ni ba- badala ya wa-. Mahali huonyeshwa kwa neno mu lililosimama peke yake, pasipo kiambishi tamati -ni. Hali ya kuendelea huundwa kwa iko na kitenzi, na upatanisho wa ngeli umerahisishwa. Jambo la nne ni la msamiati: masasi.

Neno hilo linastahili kuangaliwa. Katika mashariki ya Kongo masasi ni risasi, na ni neno ambalo mtoto wa bonde la Ruzizi hulifahamu mapema. Nchini Tanzania Masasi ni mji wa mkoa wa Mtwara. Mashine iliyozoea magazeti ya Dar es Salaam ikisikia neno hilo, mazoea yake yataisukuma kuandika jina la mji. Tafsiri ya Kifaransa itakayotokea itakuwa sahihi kisarufi, na itasomeka vizuri kabisa, lakini hatari itakuwa imefutika ndani yake. Kosa la namna hii ni baya kuliko ukimya, kwa maana msomaji wa mwisho hana njia ya kujua kwamba kuna kilichopotea.

Hata msamiati wa simu yenyewe unatofautiana. Mkongo husema rezo pale Mtanzania asemapo mtandao. Husema inite badala ya salio au vocha. Na hubipe pale wengine wanapobipu. Msemaji anayesema "inite imeisha, rezo iko nakatika" anatoa habari muhimu, yaani kwamba huenda asisikike tena. Mashine isiyojua maneno hayo itaipoteza habari hiyo.

Upungufu huu umekwisha kuonekana katika afya. Wakati wa mlipuko wa Ebola wa mwaka 2018 hadi 2020 katika Kivu ya Kaskazini na Ituri, shirika la Translators without Borders lilionya kwamba ujumbe ulioandikwa kwa Kifaransa, au kwa Kiswahili kisicho cha mahali pale, haukuwafikia watu ipasavyo. Mwaka 2020, wakati wa UVIKO-19, mkusanyo wa tafsiri uitwao TICO-19, ambao shirika hilo lilishiriki kuutengeneza, uliweka Kiswahili cha Kongo kando ya Kiswahili cha Afrika Mashariki, kila kimoja na tafsiri yake.

5.0 Mjadala kuhusu jina na namba

Kutenganisha huko ndiko kunakozusha ubishi. Katika orodha ya kimataifa ya lugha iitwayo ISO 639-3, iliyotolewa mwaka 2007, Kiswahili kina alama ya jumla swa, na chini yake zimo alama mbili: swh kwa Kiswahili cha Afrika Mashariki, na swc kwa Kiswahili cha Kongo. Alama hizo hutumiwa na kompyuta kuchagua mifano ya kufundishia. Lugha isiyo na alama haitafutwi. Yenye alama hutafutwa, hata kama imepewa kidogo.

Upande mmoja wa mjadala unashikilia kwamba Kiswahili ni kimoja. Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na katiba yake ya mwaka 2006 inakitaja Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa, bila kutaja tawi lolote. Kwa maoni ya upande huu, kukigawa Kiswahili ni kumnyima mwanafunzi wa Uvira vitabu, ajira na heshima vinavyoambatana na lugha pana. Hofu hiyo ina msingi, kwa kuwa mara nyingi kilichopewa jina la pekee kimeachwa kiwe cha pembeni.

Upande wa pili unajibu kwamba umoja wa jina usiwe pazia. Programu ikitangazwa kuwa inajua Kiswahili, mwenye kuinunua hudhani kwamba inamwelewa mkazi wa Mutarule pia, na hafanyi jaribio. Alama ya pekee, kwa maoni yao, humlazimisha fundi aulize.

Pande hizi mbili zaweza kupatanishwa. Tahajia na sarufi za shuleni zaweza kubaki Sanifu, kwa kuwa lengo lake ni mawasiliano mapana. Mashine ya kusikiliza haina haki ya kumdai msemaji Usanifu. Mwalimu husahihisha, mpokea tahadhari hasahihishi, huelewa. Kinachotakiwa basi ni kwamba mifano ya Kiswahili cha Kongo iwemo ndani ya Kiswahili kimoja, ikiwa na utambulisho wake, na kwamba kila programu ipimwe kwa mifano hiyo kabla ya kutumiwa Kongo.

6.0 Sauti ni dhamana

Ukusanyaji wa sauti una hatari yake. Sauti humtambulisha mtu. Katika bonde la Ruzizi, Kiswahili husemwa na watu ambao lugha zao za nyumbani ni Kifuliiru, Kivira, Kirundi au Kinyamulenge, na lafudhi ya kila lugha husikika ndani ya Kiswahili. Mashine inayoweza kutambua lafudhi ili imwelewe msemaji yaweza pia kutumiwa kukisia kabila lake. Mahali ambapo watu wamewahi kuuawa kwa sababu ya kabila, jambo hilo si dogo.

Kwa hiyo mtafiti anayerekodi hapaswi kuridhika na sahihi ya mtoa sauti juu ya karatasi. Sharti aeleze kwa Kiswahili cha mahali pale sauti itatumiwa kwa nini, itatunzwa wapi, na nani ataweza kuisikiliza. Na sharti mtoa sauti aweze kuifuta. Lafudhi zirekodiwe kwa wingi wake ili mashine izielewe zote, lakini majina ya makabila yasiandikwe kando ya sauti.

7.0 Hitimisho

Idara za Kiswahili za vyuo vikuu zina kazi ambayo makampuni hayawezi kuifanya vizuri bila ya msaada wao. Kazi ya kwanza ni kukusanya msamiati wa tahadhari, yaani maneno ya silaha, moto, ugonjwa, mafuriko na safari, jinsi yanavyosemwa Uvira, Sange, Luberizi na Mutarule. Ya pili ni kuandaa sentensi za kujaribia programu, na kutangaza matokeo wazi. Ya tatu ni kuwazoesha wanafunzi kuandika Kiswahili kinavyosemwa, pasipo kukisahihisha wakati wa kukiandika. Wanaisimu wamekwisha kuandaa njia: kitabu cha Nico Nassenstein na Paulin Baraka Bose cha mwaka 2016 kuhusu Kiswahili cha Kivu ni mfano mmoja.

Kazi hizo zikifanyika, hatua ya pili ya ombi la msaada itaimarika: neno masasi litafika likiwa masasi. Hata hivyo yafaa kila anayesifu mashine hizi akumbuke kwamba mwaka 2014, katika umbali wa kilomita 9, habari haikukosa mtu wa kuielewa. Mashine yaweza kupunguza udhuru wa yule asemaye kwamba hakuelewa. Haiwezi kumwinua kitini. Kwa sababu hiyo, kila mpango wa tahadhari unaoletwa bondeni ukiwa na programu mpya uulizwe kwanza ni nani, kwa jina la ofisi yake, atakayepokea ujumbe uliokwisha kutafsiriwa, na atatakiwa kufanya nini baada ya kuusoma.