Jinsi Askari wa K.A.R. Walivyopata Tepe

Huko Machakos, mtu aliyerudi kutoka Burma akiwa na tepe tatu aliitwa Sajini hata baada ya kuvua kanzi na kufungua duka la sukari na chumvi. Watu walijua kwamba tepe zile hazikutolewa bure.

Askari mpya wa King's African Rifles alitazamwa kwanza na wale waliokaa karibu naye, yaani koplo wake, sajini wake na afisa wa platuni. Walitazama usafi wa bunduki, kwata na shabaha, na zaidi ya hayo kama wenzake walimsikiliza alipowaamuru. Aliyependeza alitajwa mbele ya mkubwa wa kombania, akapewa tepe moja ya lans-koplo. Cheo hicho kilikuwa cha kujaribiwa tu. Ulevi, au kuchelewa kurudi kutoka likizoni, uliweza kukiondoa. Tena makosa yaliandikwa katika karatasi ya mwenendo wake, na karatasi hiyo ilimfuata kila alikohamishwa. Askari wengi waliiogopa kuliko sauti ya sajini meja.

Hata hivyo njia ilikuwa na mwisho wake. Mwafrika, hata awe hodari namna gani, hakupewa cheo cha afisa. Sajini meja aliyezeekea jeshini alimpigia saluti kijana wa Kizungu aliyefika juzi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ndipo Waafrika wachache walipopewa cheo maalum cha kuongoza platuni, na katika miaka ya 1950 kikaja cheo cha efendi, kati ya sajini meja na afisa kamili.

Basi hapo elimu ikaingia. Zamani maafisa wengi waliwapenda Wakamba wasiosoma, wakidhani kwamba mtu wa shule ni mbishi. Baada ya vita jeshi likaanza kutaka vyeti vya elimu, na Kiingereza pia, kwa wale watakaopanda juu. Si haki kumchagua mtu kwa kuwa hakusoma, kisha kumwacha nyuma kwa sababu iyo hiyo. Lakini ndivyo ilivyowapata askari wengi wa zamani, waliokaa darasani usiku na kalamu mikononi wakishindana na vijana.

Jackson Mulinge, mzaliwa wa Machakos, aliingia K.A.R. wakati wa vita akiwa askari wa kawaida. Alipanda hata akawa efendi, na mwaka 1961 akafanywa afisa kamili. Mwaka 1978 akawa mkuu wa majeshi yote ya Kenya. Kabla yake Joseph Ndolo, Mkamba mwenzake, alikuwa ameshika uongozi wa jeshi la nchi kavu mwaka 1966, Mwafrika wa kwanza kufanya hivyo. Waliostaafu kabla ya mlango huo kufunguliwa walirudi nyumbani na nishani zao za Burma na tepe zile zile tatu.