Filamu ya uhalifu isiyokimbia: uzuri na upungufu wa ‘Shimoni’

“HII filamu inaboo, mwalimu.” Hivyo ndivyo alivyoanza kijana mmoja mjini Lodwar jioni tulipomaliza kutazama Shimoni, filamu ya Angela Wanjiku Wamai iliyotoka mwaka 2022. Tulikuwa watu kumi na wawili hivi, chumba kina feni moja, projekta ya kuazima na shuka jeupe ukutani. Nikamwuliza, inaboo kwa nini? Akasema mtu ametoka jela kwa kosa la kuua, dakika zinapita, na hakuna anayefukuzwa, hakuna bastola, hakuna polisi. “Anakamua ng’ombe tu!”

Wenzake wakacheka. Mimi nilibaki na neno hilo wiki nzima, maana kijana alikuwa ameona kitu cha kweli kisha akakiita kwa jina lisilo lake. ‘Kuboo’ ni hukumu, si maelezo. Mhakiki akisema filamu inaboo hajatuambia kama mwendo wake ni wa polepole, au msuko wake umelegea, au mhusika wake hana uzito. Hayo ni mambo matatu tofauti, na filamu inaweza kuwa na la kwanza bila ya mengine mawili.

Tuanze na kisa. Geoffrey, anayeigizwa na Justin Mirichii, alikuwa mwalimu wa Kiingereza. Ameua, ametumikia kifungo cha miaka saba, na sasa anapelekwa kuishi Shimoni, kijiji cha asili yake, chini ya uangalizi wa padri. Huko anafanya kazi kwenye mifugo ya maziwa. Na huko huko anakutana uso kwa uso na zimwi la utoto wake. Zimwi hilo ni nani, sitasema, mtazamaji ana haki ya kulikuta mwenyewe.

Kwa hiyo ni filamu ya uhalifu ambayo uhalifu wake umekwisha kabla hatujafika. Hapo ndipo wengi wanapotea njia. Tumezoea taharuki ya aina moja, ile inayouliza: nini kitafuata? Nani atakamatwa? Nairobi Half Life ya Tosh Gitonga, ya mwaka 2012, imesimama juu ya swali hilo. Mwas anatoka kijijini akitaka kuwa mwigizaji, anaibiwa siku ya kwanza Nairobi, anaingia genge, na kuanzia hapo hatupumui. Lakini kuna taharuki ya pili, inayouliza: huyu ni mtu wa aina gani, na amefikaje hapa? Taharuki hii haihitaji mbio, inahitaji mtazamaji aketi na mtu mpaka amjue.

Ubishi huu ni wa zamani. Aristotle, katika Poetics, aliuweka msuko mbele ya wahusika. Kwake msuko ndio roho ya tanzia. Wengi walimfuata kwa karne nyingi, kisha riwaya ya kisasa ikaja kumpinga kwa vitendo. Na tusidhani kwamba jambo hili limetufikia kwa filamu za ng’ambo. Riwaya ya upelelezi ya Kiswahili ilianza na mtu wa polepole. Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960), hana papara. Anakaa na kiko chake, anasikiliza, anauliza, anafikiri. Kishindo kilikuja baadaye, na Joram Kiango wa Ben Mtobwa ni mfano wake unaojulikana. Msomaji anayempenda Bwana Msa hawezi kudai kwamba hadithi ya uhalifu lazima ikimbie.

Sasa, nini kinafanya kazi katika Shimoni? Kwanza ni uso wa Mirichii. E. M. Forster aliwagawa wahusika, katika kitabu chake cha mwaka 1927, kuwa bapa na duara, na wanafunzi wetu wa sekondari wanayakariri maneno hayo mwaka baada ya mwaka bila kuyaona yakitembea. Geoffrey ni duara linalotembea. Tunamwogopa, tunamhurumia, tunamkasirikia, na mara nyingi hajasema neno. Wamai kabla ya kuongoza filamu ni mhariri wa picha, na mkono wa mhariri unaonekana. Anajua ni lini asikate. Picha inakaa juu ya mtu kidogo kupita tulivyozoea, na katika huo muda wa ziada ndipo hofu inapoingia.

Halafu kuna suala la lugha, ambalo kwa safu hii ni tamu zaidi. Mwalimu wa lugha ambaye hana la kusema! Mtu aliyeishi kwa maneno, amerudishwa mahali ambapo maneno yake hayamsaidii kitu. Na jina lenyewe la filamu. Kwa Kiingereza inaitwa kwa neno lenye maana ya ‘shimo’ tu. Kiswahili kimeongeza -ni, na kiambishi hicho kidogo kinabadilisha kila kitu. Shimo ni kitu, unaweza kukizunguka ukaenda zako. Shimoni ni mahali, na aliye shimoni yumo ndani. (Si Shimoni ya Kwale, ile yenye mapango ya watumwa, ingawa kwa bahati mwangwi wa kufungiwa unafanana.) Filamu imepata sifa nje, ilizinduliwa Toronto mwaka 2022 na mwaka uliofuata ikatwaa tuzo ya shaba ya Yennenga huko FESPACO, Ouagadougou. Lakini nadhani jina hilo halijasikika popote kwa uzito wake kama linavyosikika kwetu.

Watu wa Lodwar, hasa wazee, walielewa upesi habari ya ‘kupelekwa’. Mji huu umepokea waliopelekwa. Jomo Kenyatta, baada ya kifungo cha Lokitaung, aliwekwa Lodwar mwaka 1959 kabla ya kuhamishiwa Maralal. Kwa miaka mingi watumishi wa umma walitishwa kwamba wakikosea watahamishiwa Turkana, kana kwamba sisi tunaoishi hapa tunatumikia adhabu ya mtu. Mzee mmoja akasema jambo lililoninyamazisha: huyu wa kwenye filamu kapelekwa kwao, na bado ni kifungo.

Basi upungufu uko wapi? Upo, na sipendi uhakiki unaoogopa kuutaja kwa sababu filamu ni ya nyumbani.

Kimya cha Geoffrey ni silaha, lakini silaha ikitolewa kila mara hupungua makali. Kuna sehemu katikati ambapo hatuongezewi chochote kumhusu. Anabaki na jeraha lile lile, tunaloliona tena kwa pembe nyingine. Hapo kijana wangu wa ‘inaboo’ alikuwa na haki. Mwendo wa polepole unahalalishwa na kina, yaani kila dakika inayokaa itushushe ngazi moja. Ikitokea tunakaa ngazi ile ile, huo si upole, ni kusimama. Na wanakijiji wengi wanabaki bapa: wanaogopa, wananong’ona, basi. Filamu inayojengwa juu ya wahusika haiwezi kumjenga mmoja na kuwafanya wengine ukuta wa kumwegemeza.

Upungufu mkubwa zaidi nilioneshwa Kakuma. Ni mwendo wa takriban kilomita 120 kutoka Lodwar, na niliichukua filamu ile ile kwa vijana wa kambini, wengi wao Wakongo. Kakuma si mahali pageni kwa filamu. Shirika la FilmAid lilianza kuonyesha huko mwaka 2001, kwa skrini kubwa ya nje ambayo watu hukusanyika mbele yake usiku, na vijana wamefunzwa kushika kamera. Hawa walitazama kimya mpaka mwisho. Kisha msichana mmoja, aliyekuwa ameketi karibu na mlango, akauliza: “Na yule aliyeuawa, watu wake wako wapi?”

Hakuna aliyejibu. Filamu inamtazama mwuaji kuliko inavyomtazama aliyeuawa. Inataka tujue jinsi mtu anavyovunjwa utotoni hata akafikia kuvunja wengine, na kazi hiyo inaifanya kwa ujasiri. Lakini msiba una pande mbili. Kwa Waturkana kesi nzito huketiwa na wazee chini ya mti, ule unaoitwa mti wa wanaume, na hakuna shauri la damu linalokwisha bila jamaa wa marehemu kusikilizwa. Katika Shimoni upande huo haujapewa kiti cha kutosha. Mtu anaweza kujibu kwamba huo ndio uamuzi wa msanii: hadithi ya mmoja si ya wote. Nakubali. Ila uamuzi una gharama, na msichana yule ndiye aliyekuwa akiilipa. Hakuniambia kwa nini aliuliza, wala sikumwuliza.

Kuna jambo la mwisho, dogo kwa watengenezaji na kubwa kwetu. Nakala tuliyotazama ilikuwa na maandishi ya Kiingereza chini ya skrini kwa ajili ya mazungumzo ya Kikuyu. Vijana wa Kakuma wanaokijua Kiswahili vizuri, kile cha Bukavu na Uvira, wengine hawasomi Kiingereza upesi hivyo. Ikabidi mmoja wao asimame na kutafsiri kwa sauti. Wenye mabanda ya video wanaijua kazi hiyo, DJ Afro ameifanya kuwa sanaa, anaingiza Kiswahili chake na mizaha yake juu ya filamu za kung fu mpaka unasahau zilitoka wapi. Lakini DJ Afro hufanya kazi na kelele. Kijana wetu alikuwa anatafsiri filamu ya kimya. Alianza kwa mbwembwe, akijaza kila pengo: “Sasa jamaa anawaza, anawaza sana…” Wakamzomea. Kufika katikati alikuwa ameacha kujaza, anasema tu yaliyosemwa, na picha ikikaa juu ya uso wa Geoffrey naye anakaa, mkono umeinuliwa, akingoja.