Kukiri kwa Richard Clarke: tuuchukue ushahidi wake kwa kipimo gani?

Mzazi mmoja ametuletea suala. Mwanawe, aliyemaliza skuli mwaka jana, amemuonesha kwenye simu kipande cha video. Mmarekani mwenye nywele nyeupe amekaa mbele ya vipaza sauti, anawaomba radhi watu. Chini yake pameandikwa kwa Kiswahili kwamba huyu ni mkubwa wa usalama wa Marekani, anakiri kuwa serikali yao ndiyo iliyopanga mashambulizi ya 11 Septemba. Mzazi anauliza: je, ni kweli? Na mtu akishajikiri mwenyewe, si ndiyo yamekwisha?

Video ni ya kweli. Maandishi ya chini si ya kweli. Kwa kuwa jambo hili limeenea, na kwa kuwa sisi wa visiwa hivi tuna sababu zetu za kumjua mtu huyu, tumeona tulieleze kwa urefu kidogo.

Jina lake ni Richard Clarke, mzaliwa wa Boston, mwaka 1950. Aliingia Wizara ya Ulinzi ya Marekani mwaka 1973, na kwa takriban miaka thelathini akawahudumia marais wa vyama vyote viwili: Reagan, Bush baba, Clinton, kisha Bush mwana. Marais walikuja na kuondoka, yeye akabaki. Watu wa namna hii hawachaguliwi na mtu, wala majina yao hayajulikani mitaani, lakini karatasi nyingi zinazomfikia rais zimepita mikononi mwao. Mwezi wa Mei 1998 Clinton alimpa cheo cha mratibu wa taifa wa usalama na kupambana na ugaidi.

Haikutimia miezi mitatu ikaja Ijumaa ya tarehe 7 Agosti 1998. Mabomu mawili yaliripuka asubuhi moja, Nairobi na Dar es Salaam, kwenye balozi za Marekani. Nairobi walikufa watu 213, na Wamarekani kati yao walikuwa 12. Dar es Salaam walikufa watu 11, na hapana Mmarekani hata mmoja. Waliobaki walikuwa walinzi, madereva, makarani, watu waliokuwa wakipita njia, wenye majina kama yetu. Baadaye vijana wawili wa Zanzibar walihukumiwa kifungo cha maisha New York kwa kesi hiyo. Walioishi hapa miaka ile wanakumbuka jinsi sifa ya kisiwa kizima ilivyobebeshwa mzigo wa wawili.

Balozi wa Marekani pale Nairobi, Prudence Bushnell, alikuwa ameshaandika kwa wakubwa wake kabla ya bomu kwamba jengo lao, lililokuwa pembeni kabisa ya barabara, halikuwa salama. Hakusikilizwa. Hili tuliweke akilini, kwa sababu katika habari ya Clarke onyo lisilosikilizwa litarudi tena.

Jibu la Washington lilikuja tarehe 20 Agosti: makombora yalipigwa kambi za Afghanistan, na mengine yakapigwa kiwanda cha dawa cha Al-Shifa, Khartoum Kaskazini. Serikali ya Marekani ilisema udongo uliochukuliwa karibu na kiwanda ulikutwa na kemikali ya kutengenezea gesi ya sumu. Waliofika baadaye walikuta vifusi na chupa za dawa za watu na za mifugo. Clarke alikuwa miongoni mwa waliounga mkono shambulio lile, na mwaka 1999 alilitetea gazetini kwa jina lake. Mwenye kiwanda, Salah Idris, alizuiliwa fedha zake, akaenda mahakamani, zikaachiliwa mwaka huo huo wa 1999. Alipodai fidia, mahakama ya rufaa ya Washington ilitoa uamuzi mwaka 2010 kwamba hilo ni jambo la siasa, si la majaji.

Sasa tuje kwenye video. Bush mwana alipoingia madarakani, Clarke alibaki kazini. Tarehe 25 Januari 2001 alimuandikia mshauri wa usalama wa taifa, Condoleezza Rice, akiomba kikao cha haraka cha mawaziri wakuu kuhusu Al-Qaida. Kikao hicho kilikaa tarehe 4 Septemba. Wiki moja baadaye walikufa watu karibu elfu tatu. Kwa maelezo yake mwenyewe, jioni ya tarehe 12 Rais Bush alimtaka atafute kama Iraq ina mkono katika jambo lile, ilhali wataalamu wake walishamwambia hapana. Aliondoka serikalini mapema mwaka 2003, Iraq ikavamiwa mwezi Machi, na Machi ya mwaka uliofuata akatoa kitabu chake, *Against All Enemies*.

Tarehe 24 Machi 2004 akaitwa mbele ya tume iliyochunguza 11 Septemba. Wafiwa walikuwa wamekaa nyuma yake. Kabla ya kujibu suala lolote aliwaambia kwamba serikali yao iliwaangusha, waliopewa dhamana ya kuwalinda waliwaangusha, na yeye pia aliwaangusha. Akawaomba wamuelewe na wamsamehe. Basi hicho ndicho kipande kinachozungushwa. Alichokiri ni kushindwa katika amana. Kupanga mashambulizi hakukutaja, wala hajapata kumsingizia Bush jambo hilo.

Kuna sehemu ya kikao kile ambayo haisambazwi, na kwetu sisi ndiyo yenye uzito zaidi. Mjumbe mmoja alimuuliza: lau mapendekezo yako yote ya Januari 2001 yangefuatwa, je, mashambulizi yangezuilika? Akajibu hapana. Mtu aliyekuja na kitabu kipya mkononi, ambaye kila kitu kilimvuta aseme ndiyo, alisema hapana. Hapo alitoa ushahidi dhidi ya maslahi yake.

Wenzake wa zamani walimshambulia vikali. Ikulu ilimruhusu mwandishi afichue kwamba mwezi Agosti 2002 Clarke huyo huyo, akiwa bado kazini, aliwaeleza waandishi kwa kuisifu serikali. Alipoulizwa na tume alisema aliagizwa aoneshe yaliyo mazuri na asitilie mkazo mabaya, na kwamba hiyo ni kazi ya kila anayemtumikia rais. Huenda ni kweli. Lakini mwenye kusikiliza wachambuzi wa televisheni na aligande hapo: aliyekuwa afisa jana alikuwa akilipwa kusema sehemu tu ya anayoyajua.

Maulamaa wa fiqhi wanatenganisha ikrari na ushahidi. Ikrari inamfunga aliyekiri peke yake, haivuki kwa mwengine. Clarke aliposema amewaangusha watu, tunalikubali hilo juu yake. Aliposema Bush hakulijali onyo, huo ni ushahidi juu ya mtu mwengine, nao unahitaji kupimwa na kutafutiwa wa pili. Bahati njema hapa upo: ule waraka wa tarehe 25 Januari ulitolewa hadharani baadaye, na tarehe za vikao zimo katika ripoti ya tume. Ama kupanga mashambulizi, hapo hapana ikrari wala ushahidi. Na Sura ya Al-Maida, aya ya 8, imetufunga kwenye uadilifu hata kwa tusiowapenda. Kumsingizia Bush asichosingiziwa na mpinzani wake aliyekuwa ndani ya nyumba ni dhulma, hata kama mtu ana hasira zake za Iraq. Hasira hizo tunazo na sisi.

Baada ya serikali Clarke alikuwa mchambuzi wa televisheni ya ABC, akafundisha Harvard, akaandika riwaya na vitabu vya usalama wa mitandao, akaongoza kampuni ya ushauri ya Good Harbor. Mwaka 2013, baada ya siri za Snowden kutoka, Obama alimtia katika jopo la watu watano lililotoa mapendekezo 46, mojawapo likiwa kwamba serikali isilimbikize wenyewe kumbukumbu za simu za watu wote. Lakini Desemba 2019 shirika la Reuters liliripoti kwamba kampuni yake ndiyo iliyosaidia, mwaka 2008, kuanzisha kitengo cha upelelezi wa mitandao huko Falme za Kiarabu, ambako wengi wetu tuna jamaa, na kwamba kitengo hicho baadaye kiligeuzwa dhidi ya waandishi na watetezi wa haki. Clarke alisema mpango ulikuwa wa kuzuia ugaidi na uliidhinishwa na serikali ya Marekani. Kampuni yake ilishaondoka mwaka 2010.

Tuongeze la Rwanda, kwani majirani zetu waliuawa. Mwaka 1994 Clarke ndiye aliyesimamia masuala ya ulinzi wa amani katika Baraza la Usalama wa Taifa la Marekani, wakati Umoja wa Mataifa ulipopunguza askari wake Kigali hadi 270 huku mauaji yakiendelea. Sera iliyowabana Wamarekani wasiingie ilipita mikononi mwake, na alipohojiwa miaka ya baadaye aliitetea.

Toba katika haki za watu ina masharti, na mojawapo ni kumwendea aliyedhulumiwa. Wafiwa wa New York waliendewa, tena hadharani, na maafisa wachache wa dola yoyote wamefanya hivyo. Tunamhesabia. Walinzi na madereva wa Dar es Salaam, wagonjwa waliokosa dawa za Al-Shifa, na watu wa Kigali hawakuwa katika ukumbi ule, na msamaha wa siku ile haukuwataja.

Kwa mzazi aliyeuliza: kijana wako hakukosea kuitazama video. Kosa ni kuipeleka mbele na maandishi yake. Kuifuta kwenye simu yake peke yake hakutoshi. Awaandikie wale wale aliowatumia kwamba mtu yule hakusema hivyo, na awaeleze alichosema.

Wallahu aalam.