Kamera Moja, Macho Mawili

Kila anayejifunza kupiga panorama huambiwa jambo moja: kamera izungukie lenzi yake, isihame mahali. Ikihama hata kidogo, nguzo iliyo karibu huonekana kusogea mbele ya ukuta ulio mbali, na programu ya kuunganisha picha hushindwa kuzioanisha. Mwaka 1999 Shmuel Peleg na Moshe Ben-Ezra, watafiti wa Jerusalem, walionyesha kwamba msogeo huohuo unaosumbua ndio unaoweza kuipa panorama kina.

Kina huzaliwa na tofauti. Macho ya mtu mzima yameachana kwa takribani milimita 65, hivyo kila jicho huona mandhari kwa pembe yake, na ubongo huzilinganisha picha hizo mbili ili kujua kipi kiko karibu. Charles Wheatstone alilithibitisha hilo Uingereza mwaka 1838 kwa kifaa cha vioo kilicholionyesha kila jicho mchoro wake.

Kwa nini basi zisiwekwe kamera mbili, kila moja ikapiga panorama yake pale ilipo? Kwa sababu mtazamaji hugeuka. Akitazama mbele, kina kipo. Akigeukia kando, kamera moja imekaa nyuma ya nyingine na kina kinatoweka. Akitazama nyuma, macho yanabadilishiwa picha.

Kamera moja inayotembea huondoa tatizo hilo. Hufungwa kwenye ncha ya mkono wa chuma juu ya stendi, ikitazama nje, kisha huzungushwa duara zima huku ikipiga picha mfululizo. Katika kila picha, programu hukata mikanda miwili myembamba: mmoja kushoto mwa katikati, mwingine kulia. Mikanda ya kushoto huunganishwa ubavu kwa ubavu, kama ukili unavyoshonwa kuwa mkeka, ikawa panorama ya jicho la kulia. Ile ya kulia huwa ya jicho la kushoto. Hapo hapana kosa. Mwali unaopita kushoto mwa picha, ukirefushwa kinyumenyume, hupita kulia mwa kitovu cha mzunguko, mahali ambapo jicho la kulia lingekuwa.

Mkono ukiwa wa sentimita 15, mikanda hukatwa nyuzi 12.5 hivi kutoka katikati ili kupata umbali wa macho ya binadamu. Simu iliyonyooshwa sentimita 60 huhitaji nyuzi 3 tu. Ndiyo maana programu ya Cardboard Camera, iliyotolewa na Google mwaka 2015, ilimtaka mtumiaji ashike simu na kuzunguka taratibu, basi.

Mpigaji hufunga fokasi na kipimo cha mwanga kabla ya kuanza, na huacha walau mita mbili hadi kitu cha karibu zaidi. Kinachobaki kuwa kigumu ni mwendo. Mikanda miwili ya kitu kimoja hupigwa kwa nyakati tofauti, kwa hiyo mpita njia huonekana mahali pawili, na matawi yenye upepo humchosha mtazamaji macho. Magofu, misikiti ya kale na kumbi za makumbusho ndizo zinazofaa zaidi kwa kazi hii.