Je, Wajua? Risasi Iliyokosa Huenda Wapi

Askari polisi aliyefunzwa kulenga, akirushiana risasi na mhalifu, hukosa mara nyingi kuliko anavyopata. Uchunguzi wa taasisi ya RAND uliotolewa mwaka 2008 kuhusu polisi wa New York ulionyesha kuwa kati ya 1998 na 2006, katika majibizano ya risasi, ni risasi 18 tu kati ya kila 100 zilizompata mlengwa. Hata pale ambapo mlengwa hakujibu, zilifika 30 hivi.

Agosti 24, 2012, nje ya jengo la Empire State mjini New York, askari wawili walimkabili mtu aliyetoka kumuua mfanyakazi mwenzake wa zamani. Alipowaelekezea bastola, walifyatua risasi 16 kutoka hatua chache tu, wakamuua. Wapita njia 9 wakajeruhiwa, wote kwa risasi za askari, wengi wao kwa vipande vilivyodunda kwenye vyungu vya maua vya zege na vitu vingine vya kandokando.

Ajabu nyingine: polisi wa New York hutumia risasi zenye tundu kwenye ncha, zinazochanua kama uyoga zikigonga mwili ili zisipenye zikampata aliye nyuma. Azimio la The Hague la 1899 lilikataza risasi za kuchanua vitani. Mjini zinatumika, tena kwa kumhurumia mpita njia! Lakini tundu hilo husaidia pale tu risasi inapompata mlengwa. Risasi ya bastola ya milimita 9 iliyomkosa yaweza kusafiri zaidi ya kilomita 1.