Sumu ya Kifaduro na Askari wa Damu

Pengine mmesikia mtoto mwenye kifaduro. Anakohoa mfululizo bila nafasi ya kupumua, kisha anavuta pumzi kwa sauti kama ya jogoo. Damu yake ikitazamwa kwa darubini, mara nyingi chembe nyeupe zinaonekana nyingi kupita kiasi. Chembe hizo ni askari wa mwili. Basi utauliza: Ikiwa askari ni wengi hivi, mbona mtoto anazidi kuugua?

Jibu ni sumu. Kijidudu cha kifaduro kilioteshwa mara ya kwanza mwaka 1906, huko Ubelgiji, na Jules Bordet na Octave Gengou. Kijidudu hiki hutoa sumu inayoingia ndani ya chembe.

Kila chembe nyeupe ina kama masikio. Mahali penye ugonjwa hutoa wito. Sikio likipokea wito, mjumbe aliye ndani, yaani protini fulani, hupeleka habari. Ndipo chembe hutoka katika mshipa na kwenda vitani. Mwaka 1982 Toshiaki Katada na Michio Ui wa Japani walionyesha kwamba sumu hii humshika mjumbe wa namna hiyo. Wito unafika sikioni, lakini habari haiendi mbele. Kwa hiyo askari wanajaa mishipani, na vitani ni wachache.

Wataalamu wakaona faida katika ubaya huo. Wakitaka kujua kama kazi fulani ya chembe nyeupe inapita kwa mjumbe huyo, wanaweka chembe katika chombo cha kioo pamoja na sumu kidogo. Kazi ikikoma, wanajua inapita kwake. Ikiendelea, wanatafuta njia nyingine. Ni kama kuziba mfereji mmoja ili uone ni bustani ipi itakayokauka.

Nawe ujifunze neno hili: dawa huua vijidudu, lakini haimfungui mjumbe aliyekwisha kufungwa na sumu. Kwa hiyo dawa inayotolewa mapema inasaidia zaidi. Na chanjo ni bora kuliko dawa, maana humkinga mtoto kabla ya vita. Katika Kongo hutolewa akiwa na majuma 6, 10 na 14. Kifaduro huua hasa watoto wachanga. Mama, usingoje mpaka usikie ile sauti ya jogoo.